Mzee Shee, Mimi na Mitungi ya Kambini

Mzee Shee alizikwa Kipini mwezi uliopita, na mimi nilikwenda kumzika kwa gari langu mwenyewe, ile pikapu nyeupe yenye jina langu ubavuni, kwa sababu sitaki mtu yeyote aseme Buya alijificha. Nilifika mapema, nikasimama safu ya mbele kwenye sala, nikatia mchanga wangu kaburini kama kila mtu. Kisha tukarudi nyumbani kwa marehemu kula. Pilau ile ya matanga ilipikwa kwa gesi yangu. Mitungi inayowaka Kipini inatoka katika bohari yangu ya Garsen, na waliojaribu kushindana nami sasa wanauza mkaa. Barazani niliketishwa pamoja na wanaume watatu, sinia likaletwa, na kabla sijatia mkono mmoja akasema anaitwa ndani, wa pili akaenda kunawa asirudi, wa tatu akakumbuka kwamba amekwisha kula. Wakaniachia sinia zima. Nikala. Nilikula taratibu mpaka nikayaona maua yaliyochorwa chini ya sinia, kisha nikaomba maji ya kunawa. Nyuma ya pazia wanawake walikuwa wakinong'ona na masikio yangu bado ni mazima. Mmoja aliuliza kama ndiye mimi. Akajibiwa ndiye. Akauliza, ndiye aliyempofua baba? Mwingine, sauti ya mtu mzima, akamwambia, "Hakumpofua. Alimwanika."

Huyo wa mwisho alisema kweli na simbishii. Macho ya Mzee Shee yalikufa yenyewe, mimi sikuyagusa. Lakini kumwanika, nilimwanika mchana kweupe mbele ya kambi nzima, nikaichukua kazi yake, na kazi hiyo ndiyo iliyonifanya mtu huyu mnayemwona. Watoto wangu waliosoma mpaka vyuo wananiambia, baba, mengine usiandike. Nimewaambia karo yao ilitoka hapo hapo, kwa hiyo wakae kimya wanisomee nikikosea herufi.

Habari za ukoo wangu msizitafute humu. Nilizaliwa Wenje, kando ya mto Tana, shule niliiacha mapema kwa sababu ilikuwa imeniacha yenyewe kwanza, na hayo yanatosha. Mwaka ninaousema ni ule mto ulipovimba mpaka ng'ombe wa Waorma wakasimama juu ya barabara wiki nzima hawana pa kulala. Nilikuwa na umri wa kuanza kuota ndevu. Kampuni moja ya kupima barabara ilikuwa imepiga kambi kwenye mwinuko karibu na Minjila, na wakubwa wao hawakukaa kwenye mahema kama watu wengine. Walikaa kwenye trela. Kama hujaziona, ni nyumba nzima juu ya magurudumu, inavutwa na lori, ikifika inapigwa jeki na kutulia. Mara ya kwanza nilipotia kichwa katika trela ya Injinia, mkubwa wa kambi, nilisahau kilichonipeleka. Kitanda kilikuwa kinakunjwa ukutani. Meza ilikunjwa ukutani. Kulikuwa na jiko la vichwa viwili, sinki dogo kama bakuli, mapazia ya maua, na harufu ya siagi. Na kulikuwa na friji. Nikaambiwa friji ile inaendeshwa na moto wa gesi, kamoto kadogo kama ukucha, huko nyuma chini. Moto unatengeneza baridi. Niliinama kukatazama mpaka nikapigwa teke la makalio, na hivyo ndivyo nilivyojuana na Mzee Shee.

Yeye alikuwa mpishi, na alikuwa mshika gesi. Mbele ya kila trela, juu ya ule mkono wa chuma wa kufungia lori, husimama mitungi miwili imefungwa mnyororo, na mingine ya akiba hukaa kwenye banda la wavu lenye kufuli. Ufunguo wa kufuli hiyo Mzee Shee aliuvaa shingoni, chini ya kanzu. Alikuwa mtu wa Kipini, aliwahi kupikia maofisa wa serikali enzi Kipini bado ni makao ya wakubwa, na hakuacha siku ipite bila kutukumbusha. Aliujua mtungi kwa kuugonga na pete yake ya fedha, kuanzia juu kushuka chini, akisikiliza. Mahali sauti ilipobadilika, hapo ndipo gesi ilipoishia. Sisi wengine tunamwaga maji moto ubavuni kisha tunapitisha kiganja. Palipo na baridi ndipo penye gesi. Yeye aliona hiyo ni kazi ya wajinga. Na kweli pete yake haikukosea, sikuona hata mara moja ikikosea, mtungi ukiwa nchi kavu.

Mdomo wake ndio ulikuwa mtihani. Mimi ni mtu wa mtoni, Kiswahili changu wakati huo kilikuwa cha kuokoteza, na yeye alikuwa na kile chao kitamu cha pwani. Nikisema neno, anaweka kijiko chini. "Hebu nena tena," ananiambia, mbele ya vibarua wote. Nanena tena. Halafu anawageukia: "Kijana huyu akinena, masikio yangu yataka kuoga." Wanacheka. Na mimi nacheka, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kubeba mitungi kutoka bandani mpaka kwenye trela na kuirudisha mitupu, na aliyenipa kazi hiyo, na angeweza kuninyang'anya kabla ya chai ya saa nne, ni yeye. Vibarua tulikula sima na maharage chini ya turubai. Jikoni kwake kulikaangwa samaki, kulitoka mikate ya mofa, kulipikwa nazi. Yaliyobaki kwenye sahani za wakubwa aliyabeba mwenyewe mpaka kwenye shimo la majivu, akayamwaga, akayakoroga na majivu kwa fimbo mbele ya macho yetu, ili asije mtu akachagua. Siku moja nilimuuliza kwa nini. Akasema mbwa akila mezani hulala mezani. Mimi leo nina wafanyakazi, na nawaambia ukweli, mtu huyo alinifundisha mengi kuhusu kuajiri.

Alinifundisha pia kuhamisha gesi. Leo jambo hilo ni hatia na mimi silifanyi, nina leseni ukutani. Lakini wakati ule mtungi mkubwa uligeuzwa kichwa chini juu ya jukwaa la miti, mdogo ukawekwa chini yake ndani ya beseni la maji, umefunikwa gunia bichi upate baridi, na kati yao ukapita mrija wa shaba. Gesi hushuka ikiwa maji, unaisikia ikikimbia. Siku ya kwanza Mzee Shee aliniambia nishike kiungo cha mrija kwa kiganja, nikikaze, kisivuje. Nikakishika. Akafungua. Ile gesi ilitoka kando ya kiungo ikanipiga kiganjani, na nilidhani nimeungua kwa moto, kumbe ni baridi. Ngozi ilikuwa nyeupe kama tumbo la samaki, ikakauka hivyo hivyo, na baadaye ikatoka yote kama soksi. Nilipiga kelele mpaka Injinia akatoka nje. Mzee Shee akamwambia hakuna kitu, kijana anajifunza. Na kwangu akasema polepole, karibu na sikio, "Sasa wajua. Gesi huanza kwa baridi." Vibarua walicheka siku nyingi. Wakipokezana sahani walikuwa wakiniambia nishike kiungo. Kiganja hicho mpaka leo hakisikii joto wala ubaridi. Nikisalimiana na mtu sijui kama mkono wake una jasho au umekauka, na katika biashara si hasara.

Mto ulipoanza kupanda tulikuwa tumeshaambiwa kambi itahama kwenda Witu. Siku moja nilikuwa chini ya trela ya Injinia nikikaza mnyororo wa mitungi, na sakafu ya trela ni nyembamba, unasikia mtu akikoroga chai. Injinia alikuwa akizungumza na mpima wake. Alisema kampuni imekata matumizi, vibarua wote wataachwa hapa, na jikoni watachukua mtu mmoja tu badala ya wawili. Mpima akasema basi ni mzee, maana kijana hajui hata kukaanga yai. Injinia akakoroga chai yake. Halafu akasema yeye yai anaweza kukaanga mwenyewe. Asichoweza ni kulala hajui kama friji inafanya kazi. Ndani ya friji ile kulikuwa na dawa yake ya sukari, ile ya sindano, na dawa hiyo ikipata joto la Tana ni sawa na maji ya chooni. "Friji isizime," akasema. "Atakayehakikisha haizimi ndiye nitakayekwenda naye Witu. Sijali kama ni mzee au ni punda."

Nililala chini ya ile trela baada ya mnyororo kukazwa, nikitazama chuma. Mtu ambaye hajawahi kukosa kazi hawezi kuelewa. Nikiachwa Minjila narudi Wenje kulima ndizi za watu wengine kwenye udongo ambao mto huuchukua ukipenda. Nikienda Witu, nina mshahara, nina buti, nina gesi mkononi, na nilikuwa nimekwisha kuona kwamba gesi ni kitu ambacho watu wakikionja hawarudi kwenye kuni. Hakuna aliyenifundisha hilo. Nililiona mwenyewe, chini ya trela. Kilichosimama kati yangu na Witu ni mzee mmoja mwenye ufunguo shingoni.

Na hapo ndipo nilipoanza kumtazama. Zamani nilikuwa namkwepa, sasa nikamtazama. Nikaona kwamba akitembea kutoka jikoni kwenda bandani, vidole vyake vinapita juu ya kamba ya kuanikia nguo. Nikaona sukari na chumvi anazinusa kwanza. Nikaona usoni, jua likimpiga, ndani ya kila jicho kuna kitu cheupe kama tone la maziwa. Mtoto wa jicho. Mzee alikuwa akipika kwa pua, akishika gesi kwa sikio, akitukana kwa mdomo, na macho hayakuwamo katika hesabu. Ndiyo maana hakutaka mtu aguse kitu jikoni, maana kijiko kikisogezwa kwake kimepotea. Nilijaribu. Nikasogeza kibiriti upande wa pili wa jiko. Alikitafuta kwa viganja, polepole, akiimba kidogo ili mtu asijue anatafuta. Nilisimama mlangoni nikamwangalia mpaka akakipata. Sikumwambia mtu. Kitu kama hicho hukitumii siku unayokiokota.

Kisha mto ukaja. Ulikata barabara ya Malindi, ukakata ya Garsen, ukakata ya Witu, na mwinuko wetu ukawa kisiwa. Nyoka walipanda kwenye ngazi za trela. Chakula kilikuwapo, lakini gesi ilikuwa inakwisha, kwa sababu trela zile hazina habari na mafuriko, zinakula tu. Jiko likaacha kutumika, gesi yote ikaachiwa friji, Injinia akawa anakunywa maji ya baridi na kula biskuti, na kila saa anainama kukatazama kale kamoto. Mwisho akatuita. Akatuagiza Garsen kwa mtumbwi, Mzee Shee kwa kuwa ndiye mwenye gesi, mimi kwa kuwa nina mgongo, na Komora, jamaa wa Mpokomo mwenye mtumbwi, apige kasia. Tulipita juu ya mashamba. Chini yetu unaona mahindi yamelala kama nywele. Mzee Shee alikaa katikati ameshika kingo zote mbili na njia nzima alikuwa akimwambia Komora kwamba mtumbwi wake ni kijiko cha mti, kwamba kwao Kipini kitu hiki wangelishia kuku.

Duka la gesi Garsen wakati ule lilikuwa la Farah, Msomali mmoja mnene, mtu mzuri. Tulimkuta amekaa juu ya kaunta, miguu ndani ya maji, akiwatupia wanawe magunia ya sukari juu ya dari. Mitungi yake ilikuwa uani. Na huo, nawaambia, ulikuwa mchezo. Mtu wa mbali hajui, lakini mtungi wa gesi huelea. Hata uliojaa. Ua zima lilikuwa la mitungi inayoelea, mitupu na iliyojaa imechanganyika, vile vifuniko vya plastiki vimeng'oka vyote, inagongana polepole kama mbuzi kwenye zizi. Farah akamwambia Mzee Shee kwamba maji yamemharibia mpango, yeye hajui tena ipi ni ipi. "Wewe chagua, mzee," akasema. "Mimi hapana jua tena. Chukua, tutaongea maji ikienda."

Mtu wa mtoni angechagua amesimama mlangoni, mikono mfukoni. Ulio mtupu unakaa juu ya maji, unalala ubavu, unacheza. Uliojaa unazama mpaka shingoni, unaonyesha kichwa tu kama kiboko. Komora aliona. Mimi niliona. Hata wanawe Farah, juu ya dari, waliona. Mzee Shee akaingia majini mpaka kifuani, kanzu imevimba, akaanza kugonga kwa pete. Sasa gonga mtungi ulio ndani ya maji usikie: yote inasema kitu kimoja, tup, tup, kama mlango wa godauni. Alirudia. Akaweka sikio juu ya chuma. Nikasogea nikaushika mmoja nimsaidie, kwa kweli wakati ule mkono wangu ulikwenda wenyewe, na yeye akaupiga kofi. "Usiguse," akasema. "Wewe kazi yako ni kamba. Funga nitakachokwambia, basi."

Nikafunga. Alichagua mmoja, nikafunga. Akachagua mwingine, ulikuwa unacheza juu ya maji kama bata, nikafunga. Komora alinitazama akafungua mdomo, nikamtazama, akaufunga. Mitungi yote minne aliyochagua ilikuwa mitupu, na mmoja labda ulikuwa na pumzi kidogo chini. Alipotangulia kurudi mtumbwini akiipapasa njia, nilimwambia Farah kwamba huu mmoja ninauchukua mimi, kwa jina langu. Ulikuwa umezama mpaka kwenye shingo. Farah akacheka, akasema, "Chukua, kijana. Wewe iko na macho." Nikaufunga mwisho wa kamba, nyuma ya ile minne. Tukaivuta yote majini nyuma ya mtumbwi. Njia nzima ya kurudi ile minne ilikuwa inaruka na kurukiana, na wangu unafuata kimya, kichwa tu nje. Mzee Shee alikuwa na furaha. Alitueleza jinsi alivyowahi kupikia wageni wa DO, ofisa wa serikali, karamu nzima juu ya mtungi uliobaki na gesi ya kikombe. Komora alikuwa akipiga kasia tu.

Kambi yote ilikuwa ukingoni. Vibarua wakaivuta mitungi nchi kavu, na wa kwanza kunyanyua aliunyanyua kwa mkono mmoja, akauweka begani, akacheza nao. Mmoja akasema mzee ametuletea ngoma za harusi. Mzee Shee akasema mjinga huyo hajui uzito, mtungi hauondolewi majini ukapimwa, lazima ukauke. Akasema hivyo kwa sauti ya mtu anayeamuru, na Injinia, ambaye hakujua lolote kuhusu gesi ila kwamba anaihitaji, akasema basi ufungwe. Mzee akaufunga mmoja yeye mwenyewe, kwa vidole, vizuri sana, akapaka povu la sabuni kwenye kiungo kama inavyotakiwa. Akapanda ngazi ya trela. Sisi tukajaa mlangoni na dirishani. Akawasha kibiriti, akakisogeza, jiko likasema pop. Ile ndiyo pumzi iliyokuwa kwenye mpira wa gesi. Moto ukasimama, ukainama, ukafa. Naye alikuwa amekwisha kugeuka, ameweka birika juu yake, amelipa jiko mgongo, anapanga vikombe.

"Tayari, Injinia," akasema. "Baada ya siku zote hizi utakunywa chai ya moto. Yuwaja sasa hivi."

 Injinia alitazama jiko, akamtazama mzee, akatazama jiko. Mzee Shee akapima majani ya chai kwenye kiganja, akanusa iliki, akaikwaruza. Alikuwa anaimba. Nilimwacha. Nilimwacha mpaka kila mtu pale dirishani awe ameona na kuelewa alichokiona, kwa sababu nikisema mapema mtu angesema nimemkosea adabu mzee. Kisha nikamuuliza, kwa heshima kabisa.

"Mzee Shee, shikamoo. Huo moto wako ni wa rangi gani leo?"

"Marahaba. Buluu," akasema, bila kugeuka. "Kama siku zote. Wewe ulitaka uwe wa rangi gani, mwana wa mto?"

Kwanza walicheka vibarua wa nyuma, ambao hawakuona ila walisikia. Halafu wakacheka wote. Mzee akasimama na kijiko mkononi. Akanyoosha mkono juu ya jiko, polepole, kama mtu anayemshika mtoto kujua kama ana homa, na akauacha pale. Trela ni ndogo, hakuna mahali pa mtu kujificha. Sikungoja. Nilikwenda ukingoni nikaubeba mtungi wangu begani, ukanilemea barabara, nikaufungua ule wake, nikafunga wangu, nikaingia nikampita, nikainama nyuma ya friji nikawasha kale kamoto. Kakashika. Kakatulia. Injinia aliinama kando yangu, tukakatazama pamoja, na nilijua kabla hajasema.

Alimwomba mzee ufunguo. Alimwomba vizuri, alisema, mzee wangu, pumzika sasa. Mzee Shee akaivua kamba shingoni, ikanasa kwenye kofia, akaitoa tena. Alipotoka nilikuwa bandani nikijaribu kufuli. Alikuja akifuata ukuta wa trela mpaka akasikia nilipo.

"Ulijua?"

"Nilijua tangu Garsen."

"Ukanyamaza maji yote yale."

"Uliniambia kazi yangu ni kamba."

 Nilidhani atanitukana, nilikuwa nimejiandaa. Akasema, "Mkono huo nilikuunguza mimi, si Injinia. Ungelinisubiri nchi kavu tukamalizana." Nikamwambia mimi simdai kitu. Na ni kweli, sikuwa na hasira naye hata kidogo. Watu wa Kipini wanafikiri nililipiza. Kulipiza ni kwa watu wasio na kazi ya kufanya. Yeye alikuwa na kitu na mimi nilikuwa nakitaka, na angepata nafasi hiyo hiyo juu yangu angenikoroga na majivu. Nimekaa na wafanyabiashara wakubwa Malindi na Mombasa, nimekula nao mezani, na wote ukiwachimba utakuta wana Mzee Shee wao mahali fulani. Tofauti yangu na wao ni kwamba mimi nilikwenda kuzika.

Komora alimvusha siku ile ile mpaka Minjila penyewe, pale njia panda, akangoje barabara ya Witu ifunguke apate gari la kumfikisha kwao. Mama mmoja mwenye kibanda cha chai alimpa kona ya kulala, naye akawa anamenya viazi vya huyo mama kwa kupapasa. Niliyasikia hayo kwa vibarua. Mimi nilikuwa na kazi. Tangu hapo friji haikuzima tena hata siku moja, wakati wa mafuriko wala baada yake, na Injinia alinipa buti zake za pili. Jikoni tulikula mayai.

Maji yalipoondoka, barabara ikakaushwa, tukafunga kambi asubuhi moja tukaondoka. Lori la mbele lilikuwa la mitungi na jenereta, na mimi nilikuwa juu yake, kwa sababu mshika gesi hukaa na gesi. Nyuma yetu yalifuata malori yenye kuvuta trela. Tulipokaribia njia panda ya Minjila nilimwona kutoka mbali, ameketi juu ya jiwe, mfuko miguuni. Alisikia lori. Akasimama, akaikung'uta kanzu, akaitengeneza kofia, akainua mkono, uso umeelekea kando kidogo ya tulipokuwa. Hakujua ni sisi. "Mwaenda Witu, wanangu?" akaita, kwa ile sauti yake nzuri. "Nibebeni mzee wenu."

Dereva, Mkamba mmoja aliyekuwa akipenda sana samaki wa mzee, alipunguza mwendo akatoa kichwa dirishani kunitazama juu. Nafasi ilikuwapo. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia, na kando yangu pangetosha mtu na mfuko wake. Nikamwazia Injinia huko nyuma akimwona mzee juu ya lori, akikumbuka samaki, akikumbuka mikate ya mofa, akianza kujiuliza kama Witu kweli panatosha mtu mmoja. Nikaligonga paa la lori kwa kiganja changu kisichosikia kitu. Dereva akaingiza gia. Mzee Shee akabaki na mkono juu, akasikia la pili linakuja, akauliza tena, nalo likapita. Kila gari lililofika aliliinulia mkono upya na kuliuliza, na kila dereva alitazama kwanza mbele, juu ya lori la mitungi, nilipokuwa, kisha akapita.